Profesa Mearsheimer na mto Kagera

Tangu Februari 2022 kuna video moja iliyonifikia kwenye simu mara nyingi kuliko salamu za Idi. Mzee wa Kimarekani mwenye miwani anatoa mhadhara, ramani ya Ulaya nyuma yake, na bila papara anaeleza kwamba balaa la Ukraine lilipikwa Washington na Brussels, si Moscow. Nimetumiwa na mwalimu mstaafu, nimetumiwa na fundi wangu wa gari, nimetumiwa na mjomba ambaye siku zote hutuma tiba za mitishamba tu. Na maneno chini yake hayabadiliki: "Msikilize Mmarekani mwenyewe anavyokiri."

Mzee huyo ni John Mearsheimer, profesa wa siasa za kimataifa wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mhadhara ni wa mwaka 2015, na msingi wake ni makala aliyoichapisha mwaka 2014 katika jarida la Foreign Affairs, ambayo kichwa chake hakikuficha kitu: mgogoro wa Ukraine ni kosa la nchi za Magharibi. Vita kamili vilipolipuka, watu waliufukua mhadhara ule kama wanavyomrudia mganga aliyeutaja msiba kabla haujafika.

Nakusudia kumpinga, lakini si kwa kumvunjia heshima. Mearsheimer si mropokaji wa runinga. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1970 na akalitumikia jeshi la anga la nchi yake. Mwaka 2003, wakati wasomi wengi wa Marekani ama walishangilia ama walijikausha, yeye na mwenzake Stephen Walt waliandika peupe kwamba vita vya Iraq havikuwa vya lazima. Mwaka 2007 wawili hao walitoa kitabu kuhusu nguvu ya watetezi wa Israel ndani ya siasa za Marekani, wakarushiwa kila aina ya tusi, na hawakurudi nyuma. Mtu wa namna hiyo akisema jambo, unakaa unamsikiliza mpaka mwisho.

Anachosema ni hiki. Duniani hakuna polisi wa kumpigia simu usiku ukivamiwa, kwa hiyo kila dola kubwa huishi kwa wasiwasi na haivumilii dola nyingine kubwa ipige kambi mlangoni pake. Mwaka 1990 James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, katika mazungumzo ya kuungana kwa Ujerumani kwamba NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, haitasogea mashariki hata inchi moja. Mwaka 1999 ikasogea ikachukua Poland, Hungary na Czech. Mwaka 2004 ikachukua nchi saba nyingine, zikiwemo tatu zilizokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti wenyewe. Kisha Aprili 2008, katika mkutano wa Bucharest, ikatangaza kwamba Ukraine na Georgia nazo zitakuwa wanachama. Hapo, kwa hesabu ya profesa, ndipo Urusi ilipobanwa ukutani.

Kuhusu Bucharest nakubaliana naye karibu kila neno. Ujerumani na Ufaransa hazikutaka Ukraine ianze safari ya uanachama, Marekani ya George W. Bush ilitaka, basi wakagawana tofauti: ahadi itolewe, lakini bila tarehe, bila hatua, bila ulinzi. Ni sawa na kumwambia mtu mwenye ugomvi na mbabe wa mtaa kwamba siku moja utahamia kwake umlinde, ukalitamka hilo kwa sauti mbabe akisikia, kisha ukaenda zako bila kumwachia hata rungu. Mearsheimer alisema mwaka 2015 kwamba mwisho wa njia hiyo Ukraine itaharibiwa. Imeharibiwa. Magofu ya miji ya Mariupol na Bakhmut si hoja ya kubishania.

Ninapoachana naye ni kwenye kalenda.

Mwaka 2010 Rais wa Ukraine alikuwa Viktor Yanukovych, mtu aliyeelewana na Moscow. Aprili mwaka huo alitia saini mkataba ulioongeza muda wa jeshi la majini la Urusi kukaa Sevastopol, katika rasi ya Crimea, hadi mwaka 2042. Miezi michache baadaye bunge lake likapitisha sheria ya kuitoa Ukraine katika mbio za kujiunga na umoja wowote wa kijeshi. Kwa maneno mengine, mlango wa NATO ulifungwa na Ukraine yenyewe, kwa sheria yake yenyewe. Watu walipojaa uwanja wa Maidan mjini Kyiv mwishoni mwa 2013, hawakudai NATO. Yanukovych alikuwa ameghairi dakika za mwisho kutia saini makubaliano ya ushirikiano na Umoja wa Ulaya, mambo ya biashara, sheria na viwango vya bidhaa. Februari 22, 2014 bunge lilimwondoa. Siku tano baadaye askari wasio na beji waliliteka bunge la Crimea. Siku hiyo sheria ya kutofungamana ilikuwa bado hai, na mkataba wa Sevastopol ulikuwa na miaka 28 mbele yake. Machi 18, siku ileile Urusi ilipotangaza kuitwaa Crimea, Waziri Mkuu mpya wa Ukraine, Arseniy Yatsenyuk, alisimama akazungumza kwa Kirusi, akasema kujiunga na NATO hakumo katika mipango. Sheria ile ilifutwa Desemba 2014, Crimea ikiwa imeshakwenda na vita vikiendelea Donbas, mashariki mwa nchi.

Mtetezi wa profesa atanijibu kwamba sheria hufutwa na serikali mpya haiaminiki. Sawa. Lakini hapo tumeshahama. Tulianza na NATO iliyokuwa ikisogea, sasa tunazungumzia NATO ambayo huenda ingesogea siku moja kama mambo yangegeuka. Kwa kipimo hicho hakuna jirani ambaye hastahili kuvamiwa.

Shahidi wangu mzito katika kesi hii ni Mearsheimer mwenyewe. Mwaka 1993, katika jarida lilelile la Foreign Affairs, aliandika makala akiishauri Ukraine isisalimishe silaha za nyuklia ilizorithi kwa Muungano wa Kisovieti. Wakati huo Ukraine ilikuwa na akiba ya tatu kwa ukubwa duniani. Sababu aliyoitoa ndiyo inayonivutia: Urusi na Ukraine zina mpaka mrefu usio na ngome, zina historia mbaya, na bila silaha hizo Warusi wanaweza siku moja kujaribu kuirudisha Ukraine mikononi mwao kwa nguvu. Wakubwa hawakumsikiliza. Desemba 5, 1994, mjini Budapest, Ukraine ilikubali kuzisalimisha, nazo Urusi, Marekani na Uingereza zikatia saini kuheshimu mipaka yake.

Rudia kuisoma tarehe hiyo ya kwanza. 1993. NATO ilikuwa haijachukua hata nchi moja ya mashariki, na Bucharest ilikuwa mbele kwa miaka 15. Mearsheimer kijana kidogo alimtazama jirani mkubwa na jirani mdogo, akaona hatari inatoka kwa yule mkubwa, kwa sababu ya ujirani wenyewe na historia yao. Mearsheimer mzee anatuambia hatari ilitoka Bucharest. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi kwa kiwango kimoja, na mimi namchagua yule wa kwanza. Yule aliona kisa kabla ya visingizio kutengenezwa.

Halafu kuna utabiri wa pili katika mhadhara wa 2015, ambao kwenye simu zetu hukatwa. Profesa alisema kwamba njia bora ya kuiangamiza Urusi ni kuihimiza ijaribu kuiteka Ukraine, na kwamba Putin ana akili mno hawezi kufanya hivyo. Februari 24, 2022 alifanya hivyo. Tangu siku hiyo Mearsheimer amejitetea kwamba jeshi la watu wapata 190,000 halikutosha kuiteka nchi kubwa kiasi kile, kwa hiyo haliwezi kuwa lilitumwa kuiteka. Hutoa mfano wa Hitler, aliyeihitaji milioni moja na nusu kwa sehemu tu ya Poland mwaka 1939. Lakini askari wa miavuli walishushwa uwanja wa ndege wa Hostomel, kando ya Kyiv, asubuhi ya siku ya kwanza. Msafara wa vifaru ulielekea mji mkuu. Mwizi aliyekuja na ngazi fupi bado alikuja kuiba. Alichokosea ni kupima ukuta.

Putin mwenyewe hakuwa msiri. Julai 2021 alichapisha insha ndefu kwamba Warusi na Waukraine ni taifa moja. Juni 2022 alijifananisha na Petro Mkuu, akisema mfalme yule hakuteka ardhi ya mtu, alirudisha iliyokuwa yake. Septemba 30, 2022 akatangaza kuyatwaa majimbo manne, Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson, ambayo siku hiyo hakuna hata moja alilolishika lote. Mwenye hofu ya makombora hutafuta mkataba wa makombora, hamkabidhi mpima ardhi ramani mpya. Na Finland, yenye mpaka na Urusi wa zaidi ya kilometa 1,300, ilipoamua kujiunga na NATO, Putin alisema Mei 2022 kwamba hilo pekee si tishio la moja kwa moja. Finland ikaingia Aprili 2023. Haikuvamiwa. Kama ugonjwa ungekuwa NATO, Helsinki ingeugua.

Najua swali linalokuja, maana kijiweni kwetu huletwa hata kabla ya kahawa: "Je, Marekani ingekubali makombora ya Kirusi pale Mexico? Haikukubali Cuba!" Ni swali zuri, na nashangaa hakuna anayelimalizia. Mgogoro wa Cuba wa Oktoba 1962 uliishaje? Warusi waliondoa makombora. Wamarekani kwa siri waliahidi kuondoa ya kwao Uturuki, na hadharani waliahidi kutoivamia Cuba. Castro akabaki. Cuba ikaendelea kuwa rafiki wa Moscow, kilometa 145 kutoka Florida, na wanajeshi wake baadaye wakafika hadi Angola. Dola kubwa ililazimika kumeza kwamba jirani yake mdogo amechagua rafiki mwingine. Ndiyo Ukraine ilichokuwa ikiomba, na haikuwa na kombora hata moja la nyuklia la Marekani ardhini mwake. Ama Grenada 1983 na Panama 1989, sisi tuliviita kwa jina lake: uvamizi. Sikumbuki mtu wa kwetu aliyesimama kusema Grenada ilijitakia kwa kumchokoza Reagan.

Sasa twende Kagera, mpakani mwa Tanzania na Uganda, kwa sababu huko ndiko ninakotaka kufika.

Januari 1971 Iddi Amin alimpindua Milton Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua Amin, akampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Si hifadhi ya kulala na kula tu. Septemba 1972 wapiganaji wa uhamishoni wa Uganda, wapata elfu moja, walivuka kutoka ardhi ya Tanzania kwenda kumng'oa Amin. Walishindwa vibaya. Somalia ikasuluhisha, na kwa Mkataba wa Mogadishu wa mwezi uliofuata pande mbili zikakubali kurudisha majeshi kilometa kumi kutoka mpakani. Obote akaendelea kukaa Dar. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka, yakaua, yakapora mpaka ng'ombe, na Novemba mosi Kampala ikatangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera sasa ni Uganda.

Mpe mkasa huu mwanafunzi wa Mearsheimer asiyezijua nchi hizi. Ataandika nini? Ataandika kwamba Tanzania ilimfuga hasimu wa Amin, ikaacha ardhi yake itumike kumshambulia, ikapuuza wasiwasi halali wa usalama wa Kampala, na kwa hiyo vita vya Kagera ni kosa la Nyerere. Tena atakuwa na ushahidi mwingi kuliko alionao profesa kuhusu Ukraine, maana kutoka Ukraine hakuna jeshi lililokuwa limevuka kwenda Moscow. Na si jambo la kufikirika tu: wapo wakuu wa Afrika waliomtaka Mwalimu wakati ule asuluhishwe, kana kwamba kulikuwa na madai mawili yenye uzito sawa juu ya ardhi ya Wahaya na ng'ombe wao. Jibu lake kila Mtanzania wa umri wangu analijua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Profesa atasema mfano haufai, kwa kuwa Uganda haikuwa dola kubwa na nadharia yake ni ya dola kubwa. Hapo ndipo mimi na yeye tunapopeana mikono ya kwaheri. Kama Amin angekuwa na nyuklia na kiti cha kudumu cha Baraza la Usalama, je, mto Kagera ungekuwa mpaka? Nadharia inajibu, kwa masikitiko, kwamba pengine ingebidi. Anasisitiza kwamba hasifii, anaeleza tu dunia ilivyo. Lakini maelezo nayo yana macho, na macho ya maelezo haya yanaona Washington, Moscow, sasa na Beijing. Vilivyo katikati ni viwanja. Katika masimulizi ya Mearsheimer Mmarekani anataka, Mrusi anaogopa, Mjerumani anasita. Mwukraine hataki kitu. Hata Maidan, ambako watu walisimama kwenye baridi miezi mitatu na zaidi ya mia wakauawa, inageuka kuwa mradi wa mabalozi wa kigeni. Desemba 1991 zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa Ukraine walitaka uhuru, na hata Crimea ilivuka nusu. Nitaiweka wapi namba hiyo katika nadharia ya viwanja?

Inaniuma zaidi kwamba video hii inasambazwa na sisi. Naelewa kwa nini. Tumechoshwa na hotuba za Magharibi kuhusu sheria ya kimataifa, tumeiona Iraq, tumeiona Libya 2011, tunaiona Gaza, na akitokea Mmarekani anayewasuta Wamarekani roho inaburudika. Hata mimi huburudika. Ila tunaposhangilia tunasahau kusikiliza anatuambia nini kuhusu sisi. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulikuwa wa watu waliofikiri hivihivi: wakubwa wana wasiwasi wao, tuuweke sawa juu ya ramani, wenyeji wataarifiwa. Martin Kimani, wakati huo balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, aliliona hilo mapema kuliko wachambuzi wetu wengi. Usiku wa Februari 21, 2022, siku tatu kabla ya uvamizi, aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka ya Afrika haikuchorwa na Waafrika, na kwamba kama tungeamua kufuata damu na lugha kuvuka mipaka hiyo tungekuwa tunapigana mpaka leo. Katika hotuba ileile aliwasuta pia wakubwa wengine wa Baraza hilo kwa kuvunja sheria. Msingi wake ni azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo la Julai 1964 la kuheshimu mipaka tuliyorithi, na aliyelipeleka azimio hilo mezani alikuwa Nyerere. Machi 2, 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuulaani uvamizi, nchi 141 ziliafiki, tano zikapinga, 35 zikajizuia. Kenya na Rwanda zilikuwa kwenye 141. Tanzania ilijizuia. Nimesikia sababu za kutofungamana na upande wowote, na siku nyingine nitazijadili kwa heshima zinayostahili. Kagera haikuwa mojawapo.

Mwaka 2025 nadharia ilipata mtihani ambao ni nadra nadharia kuupata. Februari, waziri wa ulinzi wa Marekani alitamka kwamba uanachama wa Ukraine katika NATO si jambo la kutarajiwa. Siku chache baadaye wajumbe wa Marekani na Urusi walikaa Riyadh kuzungumzia vita hivyo, na Waukraine hawakualikwa. Agosti Trump na Putin wakakutana Alaska. Kile ambacho Mearsheimer alikuwa akikiita mzizi wa vita kiliwekwa kando na mwenye nacho mwenyewe, tena mbele ya kamera, na dola mbili kubwa zikakaa peke yao kama nadharia yake inavyotaka. Droni ziliendelea kupiga Kyiv na Kharkiv. Kilichobaki mezani kikigombewa kilikuwa sehemu ya jimbo la Donetsk ambayo jeshi la Urusi lilikuwa halijaiteka, na ambayo Urusi ilitaka ikabidhiwe.

Nilimpelekea mjomba haya yote, kwa kifupi. Alijibu baada ya siku mbili: "Mwanangu, Profesa atasema Marekani ilichelewa kuondoa hiyo NATO." Huenda. Mjomba ni mzaliwa wa Kyaka, kando ya mto Kagera. Alikuwa na miaka kumi na tisa daraja la huko lilipolipuliwa katika vita vya Amin. Nikamuuliza Nyerere naye alichelewa kumfukuza Obote? Bado sijajibiwa, ila jana nimepokea video ya majani ya mlonge.